Lenzi ya Pareto

Kila Ijumaa natoka kiwandani na pakiti mbili
za mbuzi aliyekatwakatwa, kalowekwa viungo,
tayari kwa sufuria. Bei ya wafanyakazi.
Nazibeba hadi Kaptembwo, baridi yake
ikipenya mkoba mpaka mgongoni,
nami najiona mtoto mwema.

Baba hali kabla hajasoma.
Miaka ishirini na saba alipima maua ya pareto,
magunia kutoka Molo na Mau Narok,
akimwambia huyu, yako yana umande,
na yule, wewe umechanganya na majani.
Kiwanda kilipomwachisha kazi kikiwa na deni lake,
alitoka na lenzi ya maabara mfukoni.
Si wizi, husema. Ni riba.

Sasa ameishika juu ya pakiti yangu,
jicho moja kalifumba, midomo inatembea.
Kwa kila gramu mia: nishati, mia sabini na moja.
Protini, kumi na tano. "Sawa, kumbe mbuzi yumo."
Mafuta, kumi na moja; kati yake yaliyoshiba, matano.
"Yameshiba nini? Nani kayalisha?"
Wanga, tatu. "Tangu lini mbuzi akawa na wanga?"
Ni unga, Baba, wa kushikiza viungo.
Maji yaliyoongezwa, asilimia kumi na mbili.

Hapo akanyamaza,
kama aliyetia mkono guniani akakuta umande.

Chumvi sikutaka aifikie.
Iko chini kabisa, karibu na mshono,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Najua, maana mimi ndiye nizipangaye.
Nambari hutoka maabara, sizigusi;
mimi nagawa nafasi tu:
picha ya giligilani nusu, jina la kampuni robo,
na mengine yote yabanane panapobaki.

"Mbili nukta moja," akasoma.
Akageuza pakiti: gramu mia tano.
Akahesabu kwa vidole, kidole gumba
kikiruka kutoka pingili hadi pingili.
Kule kliniki ya presha waliishamwambia:
gramu tano kwa siku, mzee,
kijiko kimoja cha chai, tena kisiwe na kilima.
"Nikila nusu ya hii, siku yangu imekwisha
na mboga sijaonja."

Imeandikwa inatosha watu watano, nikasema.

Akaitazama meza. Tuko wawili
tangu Mama alipotutoka.
"Basi waite hao watatu."

Akaiosha nyama maji ya kwanza, ya pili, ya tatu,
rangi ya viungo ikateremka na bomba
kama vumbi la mvua ya Aprili.
Akaipika na managu, ikasinyaa,
nusu kilo ikawa konzi.
"Ni tamu," akasema, bila kuniangalia.

Sijilaumu sana, usinidhanie.
Nafika nyumbani saa mbili usiku, miguu imevimba,
na hii huiva kwa dakika ishirini.
Nani atanichemshia kwato hadi saa tano?
Lakini Jumatatu, mbele ya kioo cha kompyuta,
mstari wa chumvi ulikuwa saizi tano,
nikaupandisha hadi saba.
Nilifuta majani mawili ya giligilani.
Msimamizi, Bi. Jepkemei, alipita,
akainama, akasifu kijani kile, akatia sahihi.

Ijumaa iliyofuata Baba akapokea pakiti.
Lenzi ilibaki juu ya redio.
Aliisogeza pakiti mbali, urefu wa mkono,
akasoma, akakunja uso.

"Mbona wiki hii," akauliza,
"chumvi imezidi?"